Ngozi Nyeusi katika Mwanga wa Nyasa

Masomo ya kupaka rangi ngozi kwa kompyuta au simu hufanana karibu kila mahali. Chagua rangi ya msingi, iongeze weusi upande wa kivuli, iongeze weupe upande wa jua, kisha tia wekundu kidogo mashavuni na puani. Kijana wa Mbinga anayejifunza kwa programu ya ibisPaint kwenye simu yake, au mwenzake wa Mbamba Bay aliyebahatika kupata tableti na kalamu, akifuata maelekezo hayo kumchora bibi yake hupata moja ya mambo mawili: uso uliopauka na kugeuka kijivu, au uso mweusi usioonyesha pua wala shavu. Huulaumu mkono wake. Mkono hauna kosa. Kosa liko katika kanuni aliyofundishwa, iliyotungwa kwa kuitazama ngozi nyeupe, kisha ikasambazwa kana kwamba ni kanuni ya ngozi zote.

Hoja yangu ni kwamba ngozi nyeusi haijengwi kwa kivuli. Hujengwa kwa mwanga unaorudi kutoka juu yake, na mwanga huo huja na rangi ya mahali ulipotoka. Anayetaka kuwachora watu wa Umatengo, yaani milima ya Mbinga, na wa mwambao wa Ziwa Nyasa hana budi kuujua mwanga wa huko kabla ya kufungua kisanduku cha rangi.

Tuanze na kinachotokea kwenye ngozi yenyewe. Mwanga ukiifikia hugawanyika. Sehemu ndogo, kati ya asilimia 3 na 5 mwanga unapotua wima, hurudi papo hapo bila kuingia ndani. Sehemu inayobaki huingia, hupita kwenye tabaka la juu lenye melanini (rangi ya asili ya ngozi), hufika penye damu, hutawanyika, na baadhi yake hutoka tena ikiwa imebeba rangi ya ilimopita. Kwenye ngozi nyeupe mwanga huu wa ndani ni mwingi. Kwa upande wa rangi nyekundu huweza kufika nusu ya mwanga wote ulioipiga ngozi. Kwenye ngozi nyeusi sana melanini huumeza kabla haujatoka, na kinachotoka huweza kushuka chini ya sehemu moja ya kumi. Ule wa juu, kwa upande wake, haupungui, kwa sababu hautegemei melanini hata kidogo.

Fanya hesabu uone maana yake. Asilimia 4 juu ya 50 ni kitu cha kudonoa kwa brashi ndogo mwisho wa kazi, nukta nyeupe kwenye ncha ya pua. Asilimia 4 juu ya 6 ni sehemu kubwa ya kile ambacho jicho linakiona. Tena kadiri ngozi inavyopinda na kulipa jicho ubavu, penye ukingo wa taya, paji na bega, ndivyo mwanga wa juu unavyoongezeka. Na mwanga huo hauna rangi ya ngozi. Haukuingia ndani, kwa hiyo haukupata nafasi ya kuwa kahawia. Una rangi ya kitu kinachomulika, iwe anga, ukuta wa chokaa, mchanga au kitenge cha jirani.

Wachongaji wa Kimakonde walilijua jambo hili kwa mikono yao kabla ya kompyuta kuwapo. Kitazame kinyago cha mpingo kilichosuguliwa vizuri: kope, shavu na ubavu wa pua husomeka kwa njia za mng'ao zinazopita juu yake. Ukikiweka mahali ambapo hakuna cha kung'aa juu yake, umbo lote hupotea, hata kivuli kiwe kikali namna gani. Yeyote anayejifunza kuchora ngozi nyeusi angenufaika kwa kukaa saa moja na kinyago cha namna hiyo karibu na dirisha, akikizungusha taratibu, kuliko kwa kutazama video nyingi za mafunzo.

Mbona basi kanuni ya kigeni imetawala? Kwa sehemu ni historia ya vyombo, na historia hiyo ilifika Nyasa mapema. Daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi hizi mwishoni mwa karne ya 19, akipima miili ya watu na kuwapiga picha. Kitabu chake kikubwa kuhusu eneo la Nyasa na Ruvuma kilitoka Berlin mwaka 1906. Sahani za picha za enzi hizo kwa kawaida ziliiona vizuri bluu na hazikuiona vizuri nyekundu. Ngozi ya kahawia hurudisha nyekundu nyingi kuliko bluu, kwa hiyo watu walitoka weusi kuliko walivyokuwa mbele ya macho, na tofauti za ndani ya uso zikazama. Nalitaja hili kwa ajili ya wachoraji wanaotia rangi picha za kale, za wakati wa Vita vya Majimaji kwa mfano. Weusi wanaouona kwenye picha hizo umechanganya ngozi ya mtu na udhaifu wa sahani. Wakiuchukua kama ulivyo, watarudia kosa la zaidi ya miaka mia moja kwa vifaa vya leo.

Filamu za rangi hazikuleta nafuu ya haraka. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley. Wenye viwanda vya samani na chokoleti walipolalamika kuwa kahawia za bidhaa zao hazitoki sawasawa, ndipo filamu zikaanza kuboreshwa. Kadi yenye watu wa ngozi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Ilipofika zamu ya kompyuta, hatua kubwa ilikuwa mwaka 2001, Henrik Wann Jensen na wenzake walipochapisha njia ya kukokotoa mtawanyiko wa mwanga chini ya uso wa vitu kama ngozi, maziwa na marumaru. Mwaka 2004 kazi hiyo iliwapa tuzo ya ufundi ya Akademi ya filamu ya Marekani. Ni kazi nzuri, na sayansi yake ni sahihi. Lakini Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale alieleza vizuri mwaka 2020 kilichofuata: taaluma nzima ilijenga mazoea kwamba siri ya ngozi ya binadamu ni ule mwanga laini wa ndani, ambao ndio unaotawala kwenye ngozi nyeupe, na mng'ao wa juu, unaotawala kwenye ngozi nyeusi, ukabaki jambo la pembeni. Mafunzo ya kuchora yalirithi mazoea hayo.

Kuhusu rangi ya msingi sitakaa sana, kwa sababu wachoraji wengi hukaa hapo kupita kiasi. Kumekuwa na vipimo vingi vya kuipanga ngozi. Felix von Luschan alikuwa na vigae 36 vya kioo. Thomas Fitzpatrick alianza mwaka 1975 kwa kuuliza ngozi nyeupe inaungua vipi juani, na ngozi nyeusi zikaongezwa baadaye. Hata hivyo ngazi yake ndiyo iliyozaa zile rangi tano za emoji za mwaka 2015. Ngazi ya Ellis Monk, iliyotolewa pamoja na Google mwaka 2022, ina daraja 10 na ni ya haki zaidi. Zote hizi hutoa doa moja la rangi, ilhali uso mmoja juani una rangi nyingi. Zaidi ya hayo, utafiti wa kundi la Sarah Tishkoff, uliochapishwa mwaka 2017 baada ya kupima watu zaidi ya 2,000 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ulionyesha kuwa jeni za weupe na za weusi zote zimeishi Afrika kwa mamia ya maelfu ya miaka. Ndiyo maana nyumba moja ya Litembo au Liuli inaweza kuwa na mweusi tii, wa maji ya kunde na mwekundu, wote wa tumbo moja. Kwa anayehitaji mahali pa kuanzia: kwenye gurudumu la rangi, simama kati ya nyuzi 15 na 28, ukolezo kati ya asilimia 40 na 65, ung'avu kati ya 25 na 45. Kisha endelea na kazi.

Kazi yenyewe ni mwanga, na hapa mwambao na milima ya Ruvuma inatoa shule mbili zilizotenganishwa na barabara isiyofika kilomita 70.

Mbinga iko juu. Milima ya Umatengo hupanda hadi karibu mita 2,000, na Juni na Julai baridi na ukungu huufunika mji asubuhi. Jua halionekani, anga lote ndilo taa. Kwenye mwanga wa namna hii mchoraji aliyezoea kutafuta upande wa jua na upande wa kivuli hupotea, kwa sababu pande hizo hazipo. Kuna juu na chini tu. Paji la uso, sehemu ya juu ya mashavu, mgongo wa pua na mdomo wa chini hupokea anga, na hung'aa kwa upana, kwa rangi ya kijivu iliyochanganyika na samawati, bila kingo kali. Chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya kidevu hukosa anga na kubaki na rangi ya ngozi yenyewe, nzito na yenye joto. Angalia jinsi mambo yanavyogeuka hapa: sehemu angavu ni za rangi baridi, na sehemu za giza ndizo zenye kahawia iliyokolea. Anayepaka mng'ao kwa kuchanganya rangi ya msingi na nyeupe au manjano ataharibu uso huo hata kama umbo lake limechorwa kwa usahihi.

Ukungu ukiondoka, ardhi nayo huingia. Udongo mwekundu wa Umatengo hurudisha jua la saa sita kuelekea juu, na chini ya kidevu cha mtu anayepalilia maharage kwenye ngoro, yaani shamba la mashimo la Wamatengo, huwa na rangi ya chungwa ambayo mtu wa mjini hawezi kuibuni. Mchuma kahawa aliyesimama katikati ya mibuni hupata kitu kingine tena: ubavu wa shingo na wa mkono hushika kijani ya majani. Kijani kwenye ngozi huwatisha wachoraji, nao huifuta. Nawaomba waiache. Ikiwa hafifu na iko mahali pake, jicho halisomi kijani. Linasoma kwamba mtu yuko shambani.

Ziwani mambo hubadilika kabisa. Uso wa Nyasa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na mwambao wa Tanzania unatazama magharibi, milima ikiwa mgongoni. Asubuhi jua huchelewa kuvuka milima, na watu wa ufukweni hufanya shughuli zao za mapema katika kivuli kikubwa chenye mwanga wa anga tupu, wa bluu safi kuliko ule wa Mbinga. Mchana jua ni kali. Karibu na tarehe 20 Februari na 22 Oktoba husimama wima utosini, macho yakaingia gizani chini ya nyusi. Picha hubaki na uhai kwa sababu ya mchanga. Unarudisha mwanga kutoka chini hadi kwenye mashimo ya macho na chini ya taya, na mwanga huo ni wa rangi ya krimu yenye joto. Mwanamke anayeanika usipa, dagaa wa Nyasa, ameinama juu yake. Uso wake unamulikwa na mchanga na magamba ya fedha kuliko unavyomulikwa na jua.

Jioni ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote kwa mchoraji wa ngozi. Jua likiwa juu sana, maji hurudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga wake. Likishuka hadi nyuzi 10 juu ya upeo wa Malawi, maji hurudisha theluthi moja hivi, na likishuka zaidi hurudisha zaidi ya nusu. Mtu aliyesimama Mbamba Bay akilitazama ziwa saa kumi na mbili kasoro anamulikwa na majua mawili, moja mbele yake na moja chini kidogo linalochezacheza. Ngozi nyeusi huyapokea yote mawili waziwazi: mfupa wa shavu hupata ukanda wa dhahabu juu na ukanda mwingine mwembamba chini ya taya, na katikati yake hubaki kahawia inayokaribia zambarau. Nyuma ya masikio na kwenye mabega, upande wa milima, anga la mashariki limekwisha kuwa bluu nzito, na bluu hiyo huandikwa kwenye ukingo wa mwili. Ngozi nyeupe katika saa hiyo hiyo hugeuka chungwa yote kwa pamoja. Ngozi nyeusi hubeba rangi zote tatu bila kuzichanganya, na huu ni utajiri ambao kanuni ya msingi, kivuli na weupe haina njia ya kuufikia.

Usiku kuna mitumbwi ya wavuvi wa usipa na taa zao. Hapo mwanga hutoka chini na karibu, na hupungua haraka kadiri unavyopanda, kifua kiking'aa na paji likididimia gizani.

Haya yote hutiwaje kwenye skrini? Jambo la kwanza ni kuacha kutegemea hali ya tabaka ya kuzidisha (Multiply) kwa ajili ya kivuli. Chukua ngozi yenye nyekundu 92, kijani 58 na bluu 42 katika mizani ya 255. Tabaka la kijivu cha kati likizidishwa juu yake huishusha hadi 46, 29 na 21, ambayo kwenye simu ya kawaida ni sawa na giza. Tabaka hilo hilo juu ya ngozi nyeupe ya 230, 190 na 170 huleta 115, 95 na 85, kivuli kizuri kinachoonekana. Kifaa ni kimoja, matokeo mawili, na mwalimu wa video anayeonyesha lile la pili hawezi kujua analomfanyia mwanafunzi wa Nyasa. Nashauri rangi ya msingi iwekwe chini kidogo tangu mwanzo, karibu na kivuli, kisha uso ujengwe kwa kuongeza. Kivuli kikihitajika, sogeza rangi kuelekea nyekundu kwa nyuzi chache na ukoleze, badala ya kuishusha tu.

Jambo la pili ni hali ya kuongeza (Add), inayojumlisha namba. Rangi ya anga hafifu, tuseme 40, 60 na 80, ikijumlishwa kwenye ngozi ile ya kwanza huleta 132, 118 na 122. Ukiitazama peke yake ni kijivu, na hapo wengi hukata tamaa. Juu ya uso wa kahawia jicho huiona kuwa ni mng'ao wa samawati. Tofauti kati ya mng'ao na kupauka haimo katika namba hizo. Imo katika umbo. Mng'ao hukusanyika penye mpindo, una kiini na ukingo, hufuata mfupa. Kupauka husambaa sawasawa juu ya ngozi yote, hadi kwenye sehemu zisizoliona anga. Brashi kubwa laini, ile ya kupulizia, ndiyo huzaa kupauka. Tumia brashi yenye ukingo, kisha lainisha upande mmoja tu.

Kupauka kwenyewe ni ukweli wa maisha na kuna wakati kunastahili kuchorwa. Upepo wa mwera unaovuma ziwani kati ya Mei na Agosti hukausha ngozi, na miguu ya mvuvi huonyesha ukavu huo kwenye magoti na vifundo. Ngozi iliyokauka ina uso wa magamba madogo unaotawanya mwanga kila upande, kwa hiyo mng'ao hupotea na weupe hafifu huenea. Akiingia majini, hadithi hugeuka: maji hujaza mikwaruzo, ngozi huwa nyeusi zaidi na mng'ao hurudi kwa nguvu, mdogo na mkali. Mafuta ya kujipaka hufanya kazi hiyo hiyo kwa upole. Mchoraji anayeweza kutofautisha ngozi kavu, yenye jasho, yenye mafuta na yenye maji kwa kubadilisha mng'ao peke yake, bila kugusa rangi ya msingi, amekwisha kuiva.

Kuna sehemu ambazo mwanga wa ndani bado una sauti: viganja, nyayo, kucha, upande wa ndani wa midomo, na masikio jua likiwa nyuma yake. Huko melanini ni haba, au nyama ni nyembamba. Wekundu wa mashavuni, kwa watu weusi, hushuka kuelekea hudhurungi iliyoiva. Waridi likiwekwa juu huonekana kama vipodozi. Weupe wa jicho usiwe mweupe. Na kwa watu wenye ualbino, ambao Tanzania ina wengi kwa kulinganisha na nchi nyingine, kanuni ya kigeni hufanya kazi vizuri, mradi mchoraji aongeze madoa ya jua na asisahau kuwa kofia pana hubadilisha mwanga wa uso wote.

Si lazima kila picha iwe na haya. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru katika mkoa huu huu wa Ruvuma wa leo, alipaka rangi za mafuta zinazong'aa kwa mapana yasiyo na kivuli, na hakuna aliyeona pengo. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kurushwa mwaka 2014, hutumia rangi bapa kwa watoto wa ngozi zetu na zinapendeza. Katika mtindo bapa uzito huhamia kwenye mandharinyuma: kahawia iliyo juu ya bluu ya ziwa huwaka, na juu ya hudhurungi ya ukuta hufifia. Ninachokipinga ni ubapa unaotokana na kushindwa kuonyesha umbo.

Kuna pia wateja. Wanaoagiza picha za harusi, za kipaimara au za marehemu huomba mara nyingi wapunguziwe weusi kidogo. Nimelifikiria sana ombi hili, na naamini mara nyingi anayeliomba amechoka kutoonekana: katika picha za simu uso wake hutoka tundu la giza, na weupe ndiyo dawa pekee aliyoonyeshwa. Mpe kwanza uso wenye mng'ao sahihi, rangi ya msingi ikiwa ile ile yake, uone kama bado ataomba. Anayeongeza weupe bila kujaribu hilo anaendeleza kazi ya mkorogo, ile dawa ya kuchubua ngozi, kwa kalamu.

Mwisho ni suala la mizani ya picha yenye watu wengi, ambalo huamuliwa kabla ya rangi yoyote. Mara nyingi kamera na wachoraji huweka mwanga wa picha kwa kufuata kitu cheupe kuliko vyote, na kwenye harusi ya Lituhi au Mbinga kitu hicho ni gauni la bibi harusi. Watu waliosimama kando yake huzama. Kisha picha hutumwa WhatsApp, ambako ubanaji wa faili hula kwanza tofauti ndogo za gizani, au hupelekwa kuchapwa kwenye kalenda, ambako wino hunenepa na kuziba kahawia nzito. Kwa hiyo geuza picha iwe ya kijivu, punguza mwanga wa skrini hadi nusu, toka nje kivulini na uitazame. Tafuta uso mweusi kuliko zote. Ikiwa pua, kope na midomo yake havisomeki, panga upya mwanga wa picha nzima kuanzia kwake, na kubali gauni lipoteze mikunjo michache.